Mkono wa Iddi na Zambarau za Njombe

Jina la Iddi Mkono halikutoka kwa baba yake. Alipewa na watu wa Somanga, wale wa upande wa mashambani, kwa sababu kila alichokichomeka ardhini kiliota. Mvua za kwanza zikigusa udongo, watu walimfuata nyumbani wakampeleka shambani kwao ili adondoshe mbegu ya kwanza. Mwenye shamba na watu wake waliendelea na majembe yao, na Iddi akarudi nyumbani na kuku mkononi, au walau sahani ya wali iliyofunikwa kawa. Mbegu moja kwa kuku mzima. Siku hizi mwenyewe akilikumbuka jambo hilo hucheka mpaka akashika ubavu.

Wakati ule hakucheka. Aliamini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Iddi alikuwa amesifiwa kwa miaka mingi mno. Alifika mahali pa kukwepa kuosha vyombo, asije akausugua mkono ukatoka baraka. Akikaa barazani aliuweka juu ya goti, kiganja juu, ili wapita njia wauone vizuri.

Aliyeulipia umaarufu huo ni mkewe, Mastura. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Mastura alipanda mipapai nyuma ya nyumba, na mipapai ikafa. Iddi akasema kwa mzaha, "Mke wangu ana mkono mzito." Watu wakacheka, naye akaurudia mzaha. Aliurudia kwenye harusi, akaurudia kwenye matanga ilipofika saa ya kuchangamshana, akaurudia kwenye ghala la ushirika watu walipopanga foleni na magunia ya korosho. Mastura alicheka pamoja na wengine. Ila tangu mwaka ule hakuchomeka ardhini hata kipande cha muhogo. Alipalilia, alivuna, alibangua, alibeba. Mbegu zilikuwa za Iddi.

Waliishi hivyo mpaka binti yao Mwanaasha, anayefundisha shule Njombe, alipojifungua. Mastura akapanda basi kwenda kumwogesha mjukuu. Aliporudi alishuka kituoni Somanga na kiroba cha udongo kichwani na miche mitatu kifuani, ameikumbatia asitake mtu amsaidie.

"Nini hiyo?" Iddi akauliza.

"Bluberi. Vitunda vyake vidogo, rangi ya zambarau, vitamu halafu vina uchachu kwa mbali. Jirani yake Mwanaasha ana bustani nzima. Nimekula mpaka ulimi ukabadilika rangi."

Iddi alilishika jani moja akaligeuzageuza kama tabibu. "Hii ni miti ya baridi, Mama Mwanaasha. Hapa Ijumaa haiioni."

"Jirani huyo kanichagulia aina isiyodai baridi kali. Na nitaipanda mwenyewe."

Iddi alitaka kucheka. Akautazama uso wa mkewe, akaona afadhali akohoe.

Mastura alichukua ndoo tatu kuukuu za rangi, akazitoboa chini, akazijaza ule udongo wa Njombe uliotoka chini ya miti ya paina, akauchanganya na majani ya mkorosho yaliyooza. Kisha akafanya jambo lililomkera Iddi. Alichota salfa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho, akainyunyiza kwenye udongo, kidogo tu, kiasi cha chumvi ya mchuzi.

"Salfa ni ya majani ya mikorosho," Iddi akasema. "Udongo nao umeugua nini?"

"Inautia uchachu. Miche hii inapenda udongo mchachu."

"Mchachu! Si ungeupikia na ukwaju kabisa?"

Mastura alizipanga ndoo nyuma ya jiko, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, akaanza kuinywesha miche maji ya mvua aliyoyahifadhi kwenye pipa tangu masika. Ya kisimani hakuyatumia. Alimwonyesha Iddi birika la chai lilivyoota ganda jeupe kwa ndani. "Hii ni chokaa ya kisima chetu," alimwambia. "Chokaa inaiua. Na jivu vilevile."

Hapo Iddi aliona sasa mkewe anatukana dini. Nyumbani kwake jivu lilikuwa dawa ya kila kitu: siafu, mchwa, mchicha uliodumaa. Marehemu baba yake alilitumia hata kusugulia meno. Akasubiri kwa hamu miche ife.

Haikufa. Ilishika, ikachipua, ikatoa vimaua vyeupe vilivyoinamisha vichwa, na mahali pa vimaua vikaja vitunda vya kijani. Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, Mastura alikwenda kuchuchumaa nyuma ya jiko. Hakumwita mtu aje kuona. Iddi alimchungulia kupitia upenyo wa dirisha, na roho ilimuuma kidogo. Aseme kweli: ilimuuma sana.

Mwezi wa kumi na moja zikaja habari kutoka Likawage kwamba mama yake Mastura ameteleza kisimani na kuvunjika nyonga. Mastura akafunga mzigo siku hiyo hiyo. Pikipiki ikiwa inamsubiri mlangoni, alimgeukia mumewe.

"Nakuomba kitu kimoja, Baba Mwanaasha. Miche yangu uipe maji ya pipani asubuhi, kikombe kikombe. Mvua ikianza, uiache inywe yenyewe. Usiihamishe. Usiitie jivu. Usiiguse."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mkono wako siuamini," Mastura akasema, akapanda pikipiki.

Mkono wake! Mtu angemwambia hivyo barabarani, wangeshikana mashati.

Siku za mwanzo aliishika amana. Alikuwa akimimina kikombe huku amegeuza uso pembeni, kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Lakini siku moja Skolastika, jirani yao wa ng'ambo ya ua, alikuja kuomba kijinga cha moto akaiona miche. Skolastika ni mama wa Kimatumbi aliyeshuka kutoka vilimani na mumewe miaka ile. Maneno yake hayana breki.

"Shikamoo, Mzee Mkono. Ehee! Hizi ndizo zambarau za Njombe? Zimebeba! Kweli wewe una mkono. Yaani unaotesha hata vya Uzunguni!"

Pale palikuwa na jibu fupi na rahisi: amepanda mke wangu. Iddi alilitafuta jibu hilo mdomoni, akalipata, akalimeza. "Marahaba," akasema. "Ni majaliwa ya Mungu tu." Akaunyanyua mkono kidogo ili Skolastika auone.

Uongo ule ulimlewesha. Usiku kucha alikuwa akijisemea kwamba kama miche imebeba ndani ya ndoo za rangi, imepandwa na mkono mzito, itabeba namna gani ikipandwa ardhini na mkono wenyewe? Mkewe angerudi akute miti, si vijiti. Angefurahi. Iddi anaapa mpaka leo kwamba alifikiria furaha ya mkewe, ingawa akifika hapo kwenye simulizi huwa hamtazami mtu machoni.

Kulipokucha alichimba mashimo mbele ya nyumba, karibu na barabara, palepale jua linapopiga kutwa na wasafiri wanapoweza kuona. Udongo wa pale ni mweupe, umejaa vipande vya mawe ya chokaa vinavyolia jembe likigonga. Akatia samadi ya mbuzi. Akatia jivu, sufuria zima kwa kila shimo, akarudi jikoni kufuata jingine. Akapanda mche wa kwanza na wa pili kwa bismillahi ndefu, akaimwagia maji ya kisima mpaka ikaogelea.

Mche wa tatu ulimshinda. Kuku wa madoa alikuwa amejificha katikati ya ndoo na ukuta wa jiko, analalia mayai. Iddi alipoupeleka mkono kuishika ndoo, kuku akafura, akamdonoa. Akajaribu tena, akadonolewa tena, na safari hii damu ikatoka, kwenye mkono ule ule wa baraka. Iddi akamtukana kuku, akaenda zake. Mche mmoja nyuma ya jiko ungemkumbusha Mastura mahali alipoanzia, akajiambia.

Mvua ikaanza. Haukupita muda majani ya miche miwili yakageuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Iddi akasema ni mchwa, akaongeza jivu. Jua likawaka kati ya mvua na mvua, akasema ni kiu. Akaongeza maji ya kisima. Kingo za majani zikaungua. Vitunda vikasinyaa, vikaanguka kimoja kimoja.

"Mzee Mkono," Skolastika akapaza sauti kutoka barabarani, "zambarau zako zina homa ya manjano?"

"Zinabadilisha hali ya hewa," Iddi akajibu.

Likawage simu haishiki mpaka upande kilima kilicho nyuma ya shule. Jioni moja Mastura alikipanda. Iddi aliipokea simu akiwa amesimama mbele ya vijiti vyake.

"Mama anaendelea vizuri, anakaa sasa. Miche yangu haijambo?"

"Haijambo yote," Iddi akasema, kabla akili haijamfikia.

"Alhamdulillahi. Nimemwahidi mama nitamletea vitunda. Nimemwambia nimepanda mwenyewe, kwa mkono wangu." Upepo wa kilimani ukasikika kwenye simu. "Hakuamini, Baba Mwanaasha. Amecheka. Akasema, 'Wewe, wa mkono mzito?' Sikujua kama ulimsimulia mpaka mama yangu."

Iddi akakumbuka. Harusi ya Mwanaasha, ukumbi umejaa, yeye amesimama na kipaza sauti. Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Basi nataka avionje," Mastura akasema. "Avionje, ajue."

Simu ilipokatika, Iddi alikaa chini, palepale kwenye tope. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ujinga wake aliona kilichokuwa kikipotea. Halikuwa jina lake. Mwanamke aliyeishi naye ujana wake wote alikuwa amekaa kimya akingoja siku moja ya kumwonyesha mama yake kwamba mkono wake si mzito, na siku hiyo ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, manjano, imezungukwa na jivu. Iddi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akaing'oa miche, akairudisha kwenye ndoo zake. Akakomba udongo wote wa Njombe aliokuwa ameumwaga uani kwa dharau, akaushindilia tena. Akatia salfa kiasi cha chumvi ya mchuzi. Kisha, akiwa amehakikisha hakuna anayemwona, aliingia jikoni, akaloweka ukwaju, akaukamua, akaukoroga ndani ya maji ya pipa akainywesha miche. Yeye! Aliyeucheka ukwaju ndiye aliyekuwa akiukamua, mpaka mikono ikanata. Lakini mizizi ilikuwa imeshaungua. Jivu na chokaa vikishafanya kazi yao, ukwaju wa kijiji kizima hausaidii.

Skolastika alikuja ukingoni mwa ua akamkuta amechutama kati ya ndoo mbili za vijiti vikavu. Akamhurumia, na huruma yake ikawa mtego.

"Lakini Mzee Mkono, mbona unajitesa? Nimesikia aliyezipanda zile mwanzo ni Mama Mwanaasha mwenyewe. Basi jibu si unalo? Mkono wake huo. Hata ungefanya nini zingekufa tu."

Mlango ule ulikuwa wazi na mpana. Iddi hakuhitaji hata kusema uongo, kunyamaza kungetosha. Akanyamaza. Skolastika akaondoka na jibu lake, na Iddi akabaki anajichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu mwingine yeyote.

Mastura alirudi mvua zikiwa zimeshika kweli. Hakuingia ndani, alipitia ubavuni mwa nyumba moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, Iddi akimfuata. Pale ukutani kuku wa madoa alikuwa anatembeza vifaranga. Mche wa tatu, ambao hakuna aliyeukaribia kwa kumwogopa kuku, ulikuwa umekunywa matone ya mvua kutoka kwenye ukingo wa paa, umenenepa, umejaza majani, na matawi yameinama kwa vitunda vyeusi vya zambarau vyenye vumbi jeupe kama la unga. Pembeni zilikaa ndoo mbili zenye vijiti.

Mastura alivitazama vijiti muda mrefu. Akaugusa udongo, akanusa kidole.

"Ukwaju?"

"Ukwaju," Iddi akakiri. "Mwanzo lilikuwa jivu. Na maji ya kisima. Na samadi. Niliihamishia mbele, watu waione."

"Nilijua utaigusa," Mastura akasema. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Njia nzima nilikuwa najiambia, ataigusa tu huyu. Walau huu mmoja umeniachia."

Iddi angeweza kuupokea hata wema huo mdogo. Kinywa kilishaanza kufunguka ili kiupokee. "Sikukuachia mimi," akasema. "Huu kaulinda kuku. Alinidonoa." Akamwonyesha kovu.

Mastura alilitazama kovu. Hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimcheza, akageuka upesi akaingia ndani na mzigo wake.

Asubuhi yake Skolastika akabisha hodi, amevaa khanga ya shamba, na kikapu cha mbegu za mahindi kichwani. "Shikamooni! Mzee Mkono, mvua ndiyo hii, twende ukanifungulie shamba." Akamwona Mastura akaweka uso wa msiba. "Pole dada na miche. Ndiyo mkono tena, tufanyeje? Tumeumbwa tofauti."

Mastura akainamisha kichwa juu ya ungo wake. Iddi aliuona ule uinamishaji, akatambua ameuona miaka yote bila kuuona.

"Skolastika," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka watu wa barabarani wakageuka. "Ile miwili nimeiua mimi. Kwa mkono huu huu mnaoufuata. Wa mke wangu ni ule pale nyuma, nenda kauone ulivyobeba. Umebeba kwa sababu sikuugusa. Ulipokuja ukanisifia, nilikudanganya. Ulipomlaumu yeye, nilinyamaza. Kama unataka mkono wa kukufungulia shamba, mchukue huyu."

Skolastika akatoa macho. Akamtazama Mastura, akakitazama kikapu chake. "Lakini mzee," akasema kwa unyonge, "mimi nina watoto wa kulisha."

"Na mimi nilikuwa na bluberi," Iddi akasema.

Mastura aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka amejifunga khanga safi, akakipokea kikapu kutoka kichwani kwa Skolastika bila kumwomba ruhusa, akatangulia. Iddi alifuata nyuma na jembe. Shambani Mastura alisimama mbele ya shimo la kwanza muda mrefu, mbegu zimo kiganjani. Iddi alisogea, mkono ukajinyoosha wenyewe kumsaidia, kwa mazoea.

"Baba Mwanaasha," Mastura akasema bila kugeuka. "Usiguse."

Iddi akaificha mikono yote miwili mgongoni. Mbegu ikadondoka.

Mahindi ya Skolastika yaliota yote. Kwa mvua ile, Iddi husema, yangeota hata angeyafungua yule kuku; na kuku kwa kweli ndiye aliyestahili sahani zote za wali miaka yote ile.

Vitunda vilipoiva vyote walivichuma, wakavitia kwenye kibakuli chenye mfuniko, wakaenda nacho Likawage. Mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Iddi alikaa mbali kidogo, macho chini, kama impasavyo mkwe. Bibi kizee alitia kitunda mdomoni, akakizungusha kwenye fizi zisizo na meno, akafumba macho. Akachukua kingine. Akachukua vingine vitatu kwa pamoja.

"Vitamu," akasema. "Kapanda nani?"

Mastura alifungua mdomo, halafu akaufunga. Akamtazama mumewe. Alikuwa amekuja na kibakuli. Neno alitaka litoke kwa mwingine.

"Kapanda mwanao, mama," Iddi akasema. "Peke yake."

Bibi kizee akafumbua jicho moja, akalikaza kwenye ule mkono maarufu uliolala juu ya goti.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi," Iddi akasema, "nilidonolewa na kuku."